Kantri ya kizamani imerudi kwa TV kubwa, na sisi Wakenya tulikuwa tunaijua kitambo

Tarehe 4 Novemba 2015, kwa tuzo za CMA, zile tuzo kubwa za muziki wa kantri Marekani, pale Nashville, kulifanyika kitu ambacho mpaka leo nikikutana na Mmarekani anayependa kantri lazima tukiongelee. Chris Stapleton, jamaa wa ndevu ndefu na kofia kubwa kutoka Kentucky, alipanda stejini na nyota wa pop Justin Timberlake wakapiga nyimbo mbili bila kupumzika, dakika kama nane hivi, na stesheni ya TV ya ABC ikarusha laivu nchi nzima. Gita mkononi, mishipa ya shingo imesimama, na mke wake Morgane anamshikia sauti ya pili. Ule wimbo wa kwanza, Tennessee Whiskey, si mpya hata kidogo, George Jones aliutoa 1983 na hata yeye hakuwa wa kwanza kuuimba. Usiku huo Stapleton akabeba tuzo tatu, albamu ya mwaka, mwimbaji bora wa kiume, na msanii mpya. Msanii mpya na ana miaka 37! Alikuwa ameandikia watu kama George Strait na Luke Bryan nyimbo miaka na miaka na hakuna mtu mtaani alijua sura yake. Albamu yake Traveller ilitoka Mei, ikapita kimya, halafu baada ya hizo dakika nane ikarudi kwa chati ya Billboard ikaenda straiti namba moja.

Mimi naishi hapa hapa Kentucky, kazi yangu ni kutunza wazee, kazi ambayo Wakenya wengi huku tunaijua vizuri, na nataka niseme jambo moja ambalo nimeliona kwa macho. Watu hawajawahi kuichoka kantri ya kizamani. Waliochoka ni wenye mastesheni.

Mahali nafanya kazi TV ya sebuleni inawaka kutoka asubuhi mpaka saa ya kulala, na chaneli wanayoipenda wazee ni RFD-TV, chaneli ya mambo ya ukulima, unaona matrekta, unaona minada ya ng'ombe, halafu muziki. Hapo ndio nilijua kipindi cha mwimbaji wa kantri Marty Stuart, kilianza 2008 kikaenda mpaka 2014 na bado vile vipindi vinarudiwa. Suti zimedariziwa maua, gita la stili linalia, fidla, na mke wake Connie Smith anaingia anaimba kama vile miaka ya sitini haijaisha. Kuna mama mmoja mzee aliniskia naimba wimbo wa Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa zamani, nikitandika kitanda akaniuliza nimejifunzia wapi huo wimbo, nikamwambia kwa redio ya nyanya yangu Bomet, hakuniamini kabisa, ikabidi nimweleze kuhusu KBC, redio ya taifa ya Kenya, na kipindi cha Sundowner na vile Jumapili jioni nyumba nzima inanyamaza Jim Reeves akianza. Tangu siku hiyo akiniona anaitisha nimwekee TV sauti juu tuimbe.

Sasa hao ndio watazamaji ambao stesheni ya TV ya CBS iliwakata 1971. Hii hadithi inaniuma kila nikiifikiria. Miaka ya 1969 kwenda 1971 kantri ilikuwa imeingia kwa TV kubwa kabisa, CBS walikuwa na Hee Haw, kipindi cha vichekesho na kantri cha Buck Owens na Roy Clark, ABC wakampa mwimbaji Johnny Cash kipindi chake akirekodia pale Ryman Nashville, ukumbi uliojengwa kama kanisa, ambapo Grand Ole Opry, ile shoo maarufu ya kantri ya redio, ilikuwa inafanyiwa. Watu walikuwa wanatazama. Lakini wenye matangazo walitaka vijana wa mjini wenye pesa ya kununua vitu, hawakutaka wazee wa mashambani, basi CBS ikafagia karibu kila kipindi chenye harufu ya kijiji, na Hee Haw ikaenda nayo. Cash naye kipindi chake kikaisha mwaka huo huo. Na unajua Hee Haw ilifanya nini? Waliitengeneza wenyewe wakawa wanaiuzia stesheni moja moja za mitaa, na ikaendelea kwa zaidi ya miaka 20! Kama watu wangekuwa wamechoka ingekufa hiyo wiki.

Hebu nikae kwa Cash kidogo juu hapo kuna kitu chetu. Mwaka wa 1970 alimleta Louis Armstrong kwa kile kipindi, wakapiga pamoja Blue Yodel namba 9, wimbo ambao Armstrong mwenyewe alipiga tarumbeta kwa rekodi ya kwanza 1930 akiwa na Jimmie Rodgers, yule wanamwita baba wa kantri. Mtu mweusi wa New Orleans alikuwa ndani ya kantri kabla wengi wa hawa wanaojiita wenyewe wa kantri hawajazaliwa, na Cash akahakikisha Amerika yote imeona hivyo kwa TV.

Na huyo Jimmie Rodgers, jamani, huyo alifika kwetu! Sahani zake za santuri zilifika Kericho wakati wa mkoloni, Wakipsigis wakamskia wakampenda, wakamwita Chemirocha. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa kienyeji, alipokuja kurekodi pale Kapkatet mwaka wa 1950 alipata wasichana wanamwimbia na ala ya nyuzi kama nyatiti, kwa wimbo Chemirocha ni nusu mtu nusu swala na wanamwalika aje acheze. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933, hajui hata kuna mahali panaitwa Kapkatet. Hiyo rekodi ipo, itafute usikilize, mimi nikiiskia nywele zinasimama kwa sababu hao ni watu wa rika la nyanya yangu na lugha yao ni yangu.

Kwa hivyo wale huniandikia kila nikiposti kantri, ati nimekuwa mzungu, ati nasikiza muziki wa watu waliotufanya watumwa, mimi sikasiriki lakini nawaomba muangalie vizuri. Banjo yenyewe ililetwa na Waafrika, watumwa ndio waliitengeneza kufuata ala za kwao Afrika Magharibi. DeFord Bailey, mtu mweusi mpiga harmonika, alikuwa nyota wa Opry tangu miaka ya ishirini, wakamfukuza 1941, akaishi kwa kung'arisha watu viatu, na wakaja kumweka kwa ukumbi wa heshima wa kantri 2005 akiwa tayari kaburini. Mimi hiyo niliijua vizuri kupitia ile filamu ndefu ya Ken Burns ya historia ya kantri iliyoonyeshwa kwa TV ya PBS Septemba 2019, sehemu nane, na nikasikitika kwamba wazee nilioitazama nao wamekaa na huu muziki maisha yao yote na hawakuwa wameambiwa.

Halafu mwimbaji Charley Pride. Nyumbani tulimpenda Charley Pride na wengi hatukujua ni mweusi, na hata huku mwanzoni rekodi zake zilipelekwa kwa maredio bila picha. Alishinda mburudishaji wa mwaka wa CMA 1971, mwaka ule ule wa fagio. Mara ya mwisho kuonekana akiimba ni kwa hizo hizo tuzo za CMA, Novemba 2020, pamoja na kijana Jimmie Allen, na mwezi uliofuata korona ikamchukua akiwa na miaka 86. Nililia, siwezi kuficha.

Siku hizi mlango umefunguka tena na sehemu kubwa ni kwa sababu ya Yellowstone, ile drama ya Kevin Costner ya wafugaji wa Montana iliyoanza 2018. Humo ndani wameweka Ryan Bingham anaigiza na kuimba, wakaja bendi ya Whiskey Myers, Zach Bryan, Lainey Wilson wakampa nafasi ya kuigiza kabisa, na 2023 Lainey akawa mburudishaji wa mwaka wa CMA. Kuna kitu hunikera lakini, mara nyingi wimbo unakatwa ukianza tu kunoga, gita la stili linawekwa nyuma ya watu wanaopigana kama pambo, na mimi nataka wimbo usimame peke yake mwanzo mpaka mwisho kama vile Cash alivyofanya. Stapleton alipewa hiyo nafasi tena Februari 2023, akaimba wimbo wa taifa kwa Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, yeye na gita tu, kocha wa Eagles, moja ya timu zilizocheza, akatokwa machozi kamera ikimwangalia. Mbele ya TV kubwa kuliko zote Marekani hawakuhitaji kuongeza kitu.

Na TV zetu za Kenya ziko wapi kwa hii mambo? Tuko na Sir Elvis, Elvis Otieno, anaimba kantri safi kabisa na kofia yake, tuko na wapiga gita wa mugithi, ule muziki wa Wakikuyu, ambao huwezi kuniambia hawajakula Jim Reeves na Kenny Rogers tangu utotoni, lakini saa ya watu wengi ni siasa na soap za kigeni. Wapeni saa moja Jumapili jioni, ile saa redio ilikuwa inatukalisha nyumba nzima. Vijana pia wakaribishwe, na mtu achimbe ile Chemirocha aipige wasichana wa sasa waiimbe upya kwa Kikipsigis. Mimi nitatafuta namna ya kuistrimu hata kama niko shifti.

CMA huwa Novemba kila mwaka kwa ABC, huku inaanza saa mbili usiku saa za mashariki, kwa hivyo nyumbani ni saa kumi alfajiri. Kama unaamka kukama ng'ombe ama kuwahi matatu ya mapema, washa simu utafute klipu watu wakizirusha, na wa hapa Lexington wenye wako ofu hiyo siku karibuni kwangu, chai itakuwa tayari.