Gego hili, narudia kulitibu mzizi au naling'oa?

Kile kipele kimerudi tena. Nimekiona asubuhi napiga mswaki, nimevuta shavu kwa kidole mbele ya kioo nikakikuta palepale kwenye ufizi juu ya gego langu la juu, kidogo kama punje ya mtama, ukikibonyeza kinatoa maji ya chumvichumvi alafu kinanywea kama hakijawahi kuwepo. Hakiumi. Na hilo ndo lilinichelewesha miezi yote hii maana mi nilijua jino likiharibika lazima liume, kumbe jino lililokwisha kutolewa neva halina tena cha kuuma ndani yake, kinachoumwa ni mfupa na nyama zinazolizunguka, na usaha ukishajipatia njia ya kutokea presha inashuka na maumivu yanaisha, ila ugonjwa upo vilevile.

Mzizi wa hili jino ulitibiwa miaka 4 iliyopita. Nikaambiwa nirudi kuvalishwa kofia, yaani kifuniko cha kudumu cha kulifunika jino zima, nikakaa na kizibo cha muda miezi na miezi, na hapo roho inaniuma kweli maana sasa najua kizibo kile kikianza kuachia mate yanapenya na bakteria wanaingia nayo.

Dada yangu kaniambia nimeze antibayotiki tu. Nimeshameza mara mbili, kipele kinakauka, baada ya wiki kadhaa hiki hapa. Dokta alinielewesha kwamba ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita, sasa dawa itafikaje huko bakteria walikojificha?

Alafu akafanya kitu sijawahi kukiona. Alichukua kijiti chembamba laini cha rangi ya waridi, ndo ileile gata-pacha wanayojazia mizizi, akakipenyeza taratibu kwenye kitundu cha kile kipele, akapiga eksirei kikiwa humohumo. Kwenye picha kile kijiti kimepanda kikapinda kikaenda kusimama kwenye ncha ya mzizi mmoja wa mbele, na pale kwenye ncha kuna kivuli cheusi cha mviringo, mfupa umeliwa. Nilikitazama kile kivuli muda mrefu sana.

Akasema gego kama hili huwa na mizizi 3 lakini mifereji, yaani vile vijitundu vya ndani ya mizizi vinavyopitisha neva, mara nyingi ni 4, wa nne ni mwembamba mno na umejificha kwenye huohuo mzizi wa mbele, inawezekana mara ya kwanza haukuonekana.

Mama yeye kasema, mwanangu ng'oa upumzike. Namuelewa, na kuna jioni nilikuwa nimeshakubali. Ila kung'oa nako kuna mambo yake, ukiacha pengo meno ya jirani yanaanza kuinama na la chini linapanda kutafuta mwenzake, ukitaka daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani, inabidi yachongwe meno mawili mazima kwa ajili ya moja, impulanti nayo, yaani jino bandia la kuchomekwa kwenye mfupa, unasubiri miezi mfupa uishike skrubu yake. Kuna pia upasuaji mdogo wa kupasua ufizi na kukata ncha ya mzizi kama milimita 3 na kuziba kwa huko juu, lakini kama kuna mfereji mzima haujasafishwa naona ni kukata tawi ukaacha shina linaoza.

Kwa hiyo swali lililonisaidia mi halikuwa nifanye nini, lilikuwa kwa nini matibabu yalifeli. Mfereji uliosahaulika unatibika. Mzizi uliopasuka kwa urefu hautibiki, hapo ni kung'oa tu. Dokta alizungusha kile kichuma chembamba cha kupimia pembeni mwa jino zima akitafuta sehemu ambayo kitazama ghafla, hakikuzama, ila akaniambia wazi kwamba nyufa nyingine hazionekani mpaka jino lifunguliwe chini ya darubini.

Tumekubaliana hivi. Atafungua, atatoa gata-pacha ya zamani, atautafuta huo wa nne. Akikuta ufa asifunge, ganzi itakuwa bado inafanya kazi, aling'oe palepale. Asipokuta ufa, anasafisha, anaziba, na safari hii siku ya kofia naiandika kabla sijatoka mlangoni kwake, alafu tutapiga picha baada ya miezi 6 na tena baada ya mwaka kuona kama kile kivuli kinajaa, maana mfupa haurudi haraka.

Kesho saa 3 asubuhi. Nimeshapiga mswaki, nimezima taa, na ulimi kila dakika unarudi kugusa lile gego.