Jinsi nilivyotatua mlio wa kugonga kwenye injini ya Subaru

Impreza WRX ya mwaka 2001 niliyonayo hapa Tabora ilianza kugonga kila ilipobeba mzigo kwa gia ya tatu, na fundi akasisitiza kuwa beringi za konrodi (fito zinazounganisha pistoni na krenki) zimekwisha. Sikukubali, kwa sababu beringi iliyolika hugonga hata gari likiwa limesimama, na mlio hupungua ukichomoa koili (kifaa kinachotoa umeme wa cheche) ya silinda husika. Mlio wa gari langu ulikuwa mwembamba na mkali, kama kokoto ndani ya kopo. Nilipasua filta ya oili: hakuna chembe ya chuma ambayo beringi iliyolika ingeacha. Sensa ya kugonga (kifaa kinachoiambia kompyuta ya injini kuwa mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda), iliyofungwa juu ya bloku chini ya manifodi ya kuingizia hewa, ndiyo iliyokuwa na ufa hadi kwenye boliti, hivyo kompyuta haikuchelewesha cheche ipasavyo ili kuzuia mlipuko huo. Nilifunga mpya, mlio umekoma.