Tunis hadi Sfax, kwa kupitia Kairouan

Wengi wanaotoka Tunis kwenda Sfax hushika barabara ya kulipia ya A1, na baada ya saa tatu hivi wameshafika. Sisi tulitumia siku nzima, na namshauri kila anayekodi gari Tunisia afanye hivyo. Ukiiacha A1 karibu na Enfidha, ukaelekea magharibi, unafika Kairouan. Na Kairouan si mji wa kupita dirishani.

Tuliondoka Tunis saa moja na nusu asubuhi, mwisho wa Novemba, baridi ya kuvalia sweta. Mume wangu, Baba Salma, alishika usukani, mimi nikashika ramani ya simu. Kule huendesha upande wa kulia, kwa hiyo kila tukifika kipilefti kazi yangu ilikuwa kusema "kulia, Baba Salma, kulia" mpaka tutokee upande wa pili. Barabarani tulipishana na "louage", hiace zao za abiria, nyeupe zenye mstari mwekundu kwa safari za mbali. Zinakimbia! Ukiiona moja kwenye kioo, ipishe tu.

Askari walikuwepo karibu kila mlango wa mji. Unapunguza mwendo, unasubiri mkono wake, ndipo unapita. Mmoja alitusimamisha, akatazama leseni, akauliza tunatoka wapi. Kusikia Tanzania akacheka: "Simba!" Msimu wa 2024/25 Simba waliifunga Sfaxien, timu ya Sfax, nyumbani na ugenini katika Kombe la Shirikisho, na huyu bwana alikuwa hajasahau. Baba Salma ni Yanga, lakini siku ile alipokea pongezi kwa niaba ya Tanzania nzima.

Kairouan tuliingia kama saa tatu na nusu. Mji huu ulianzishwa mwaka 670 na Uqba ibn Nafi, jemadari wa Kiarabu, na msikiti wake mkuu unaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa jengo linaloonekana sasa kwa sehemu kubwa ni la mwaka 836, zama za watawala wa Aghlabid. Kwa nje unaweza kudhani ni ngome: kuta nene, mnara wa pembe nne wenye urefu wa mita 31 hivi, hakuna mapambo ya kukuvuta. Ukiingia uani ndipo unaposimama. Ua wote umetandikwa mawe, umeinama kidogo kuelekea katikati, na pale katikati pana jiwe la marumaru lililochongwa matundu. Maji ya mvua hupita humo, taka na mchanga hubaki, maji hushuka kwenye birika chini ya ua. Midomo ya visima iko pembeni, na ukipitisha kidole unakuta mifereji iliyochimbwa na kamba za watu waliovuta maji miaka na miaka. Nilikaa pale kwa muda. Watu waliojenga mji kwenye nchi kavu hawakuacha hata mvua ya paani ipotee.

Ndani ya ukumbi wa swala wageni wasio Waislamu huishia mlangoni, hutazama kutoka pale. Sisi tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kwa kupunguza, kama wasafiri. Watu walipotawanyika nikamwomba mzee mlinzi aniruhusu nisogee mbele nikaitazame mimbari. Akaniuliza kwa nini mimbari, maana wengi huuliza nguzo. Na nguzo kweli ni za kustaajabisha, zaidi ya 400 katika msikiti mzima, nyingi zilitolewa kwenye magofu ya Kirumi ya Carthage na kwingineko, kila moja na kichwa chake, hakuna aliyejaribu kuzilinganisha. Lakini mimi ni mtoto wa fundi milango wa Mji Mkongwe, na nilikuwa nimesikia kwamba mimbari ya Kairouan ni ya msaji.

Ni ya msaji. Imechongwa katikati ya karne ya 9, na ndiyo mimbari kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Iko nyuma ya kioo, lakini unaweza kusogea vya kutosha. Mbavu zake zimejaa vipande zaidi ya 300, na kila kipande kina nakshi yake: majani ya mzabibu, nyota, maumbo yanayofungana na kufunguana. Rangi ya mbao imekuwa ya kahawia nzito, ile ile ninayoijua kwenye miimo ya milango yetu ya zamani, ambayo nayo mingi ilichongwa kwa msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka India. Nikaanza kuwaza safari ya mbao zile. Msaji hauoti Tunisia. Umekatwa Asia, ukavuka bahari, ukapita nchi kavu, ukafika kwa fundi mwenye patasi ambaye hakuwahi kuona msitu ulikotoka. Baba yangu ameishi na mti huo huo mikononi kwa sababu ya bahari hiyo hiyo, na upepo wa kaskazi huo huo. Nilikuwa nimesafiri mpaka upande wa pili wa Afrika, na nikakuta kazi ya nyumbani.

Mzee mlinzi nilipomweleza habari ya baba alinionyesha vipande viwili vitatu ambavyo peke yangu ningevikosa. Kiarabu changu cha chuoni na Kitunisi chake vilikutana vizuri kuliko nilivyotarajia, sana sana kwa vidole.

Mjini tulinunua makroudh, vitumbua vya semolina vilivyojazwa tende, vikakaangwa na kuchovywa asali, tukatoka tukielekea mashariki na kusini. Nje ya mji kuta za nyumba zilikuwa zimetundikwa mashada ya pilipili nyekundu zinazokauka, ndizo za harissa, rojo lao la pilipili. Chakula cha mchana tulikula kando ya barabara, ambako bucha na jiko ni kitu kimoja: unaonyesha kipande cha kondoo aliyetundikwa, kinapimwa, kinakwenda kwenye makaa. Mkate wa tabouna wa moto, harissa iliyoogelea mafuta ya zeituni. Hakuna mkahawa wa hoteli utakaokupa hicho.

El Jem tulifika saa tisa na nusu. Uwanja ule wa Kirumi unauona kabla ya mji wenyewe, umesimama juu ya mapaa ya nyumba za chini. Una mita 148 kwa 122, ulibeba watu wapatao 35,000, na upande mmoja una pengo kubwa lililobomolewa mwaka 1695 ili waasi wasijifiche humo tena. Mimi nilitosheka upesi. Damu ya watu na wanyama kwa burudani hainipendezi, hata ikijengewa mawe mazuri namna gani. Baba Salma yeye aliuliza swali moja tu: pesa zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mafuta ya zeituni. Mji huu ulipoitwa Thysdrus uliishi kwa mizeituni, na mwaka 238 wenye mashamba waliochoshwa na kodi waliasi hapa hapa, wakamtangaza gavana Gordian kuwa mfalme wa Roma.

Tangu hapo hakutazama kitu kingine. Yeye ni Mpemba wa Wete, amelelewa chini ya mikarafuu, na barabara ya El Jem hadi Sfax ni mizeituni mpaka macho yachoke. Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Alisimamisha gari pembeni, akaenda kusalimia familia iliyotandika nyavu chini ya mti, wanaume kwenye ngazi wakichana matawi kwa vichanio vya plastiki, wanawake chini wakichambua majani. Akawaomba ruhusa, akapima kwa hatua kutoka mti hadi mti. Mita 24! Mwenye shamba akamweleza kwamba ardhi ile hupata mvua ndogo, na mizizi ya kila mti inahitaji eneo lote lile kunywa. Mvua ya Sfax ni kama milimita 200 kwa mwaka. Masika ya Pemba peke yake huipita mara kadhaa. "Mama Salma," aliniita kutoka shambani, "njoo uone watu wanaojua kuhesabu maji!" Walitupa mkate na kibakuli cha mafuta mapya, ya kijani, yanayowasha kooni.

Kule jua linazama saa kumi na moja jioni, jambo ambalo mtu wa kwetu haliingii akilini haraka. Sfax tuliingia giza limeshashika, na magari ya mji ule hayana subira.

Hotelini nikamtumia baba picha za mimbari. Hakuuliza tumefikaje wala tumekula nini. Aliuliza: "Vimeungwaje?" Nikazikuza picha moja moja, nikamweleza ninavyoona, kila kipande kimeingizwa ndani ya fremu yake. Akataka picha ya pembeni, ya ubavu, kwa karibu. Nilikuwa nayo.