Mayai viza yanavyosema

Vifaranga wakishaanza kumfuata mama yao, siku ya 22 au 23, mayai yaliyobaki kiotani huishia jalalani na lawama humwangukia kuku: huyu hajui kuatamia. Mimi nasema yapasuliwe kwanza. Yai viza linaonyesha lilifia wapi, na mara nyingi tetea hana hatia.

Pasulia nje, ndani ya ndoo ya maji, maana yaliyooza hujaa gesi na hulipuka. Anzia upande butu, penye chumba cha hewa. Ukimaliza fukia, mbwa na kunguru wasije wakajifunza utamu wa mayai.

Kiini kikiwa kizima, hakuna mshipa wala doa la damu, basi huenda yai halikuwa na mbegu. Mtazame jogoo. Mmoja anatosha matetea kumi hivi. Wakizidi hapo, au yeye mwenyewe akiwa mzee au ana ukurutu wa miguu, wengine hawapandi. Mbegu zake hudumu ndani ya tetea kama wiki mbili. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo, ngoja wiki tatu ndipo uweke mayai ya kutotolesha, la sivyo utatotoa watoto wa yule uliyekwisha kumla.

Ukikuta pete ya damu, au kiinitete (mwanzo wa kifaranga) kisichozidi punje ya haragwe, uhai ulikuwepo ukakatika mapema. Hapa ndipo sisi wa pwani tunapopoteza mayai mengi bila kujua. Kuku wa kienyeji hutaga yai moja, siku nyingine akapumzika, hivyo kufikisha mayai kumi au kumi na mawili humchukua wiki mbili au zaidi. Desturi ni kumwachia yote kiotani mpaka aamue mwenyewe kulala. Sasa hesabu: yai la kwanza limekwisha kuwa na wiki mbili, na kila siku limelaliwa kidogo na kila anayekuja kutaga. Kiinitete huanza kuamka joto likipita nyuzi 21 hivi, lakini kukua vizuri kinahitaji karibu nyuzi 37.5. Wakati wa kaskazi, Dar es Salaam au Mombasa, chumba chenyewe kinapita nyuzi 30. Kwa hiyo kinaamka, kinakua kwa kusuasua, kinakufa kabla kuku hajaanza kazi.

Dawa yake ni kuokota mayai mara mbili kwa siku na kuacha moja au mawili yenye alama, ili tetea asikihame kiota. Yaliyookotwa yakae sehemu yenye ubaridi kuliko zote nyumbani, mfano sakafuni kando ya mtungi wa maji, kwenye kikapu chenye pumba, ncha ikitazama chini. Yasipite siku 7. Kaskazi ikipamba moto, mimi naona 5 zinatosha. Friji ya jikoni si mahali pake, baridi yake inaua. Kuku akianza kulala, akivimbisha manyoya, anadonoa mkono na usiku hatoki kiotani, mwache juu ya yale ya alama siku mbili tatu uone kama amenuia kweli. Kisha usiku mpe yote mapya kwa mkupuo, yake na ya matetea wengine, ili yaanze siku moja na kuanguliwa siku moja.

Kifaranga kamili, mwenye manyoya, aliyefia ndani ya ganda, ana sababu zaidi ya moja. Ya kawaida ni mayai kuzidi mwili wa mama. Tetea mdogo akipewa 15, yale ya pembeni hupoa. Na kwa kuwa anayageuza na kuyahamisha mara nyingi kwa siku, linalopoa leo si lililopoa jana. Matokeo yake si matatu ya ziada tu yanayoharibika, ni mengi. Mpe 10 hadi 12, na anayeatamia kwa mara ya kwanza 8.

Ya pili ni utitiri. Kuku anayenyonywa damu usiku kucha husimama, hutoka, mwishowe hususa. Weka majivu makavu chini ya nyasi, na kila baada ya uanguaji choma nyasi za zamani, kisha anika chungu au karai la kiota juani. Njaa nayo humtoa. Punje za mahindi au mtama na maji viwe hatua chache tu kutoka kiotani, kwani hutoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, anye, ale, ajipige vumbi, arudi.

Bara kwenye ukavu, kama Singida na Dodoma, utando wa ndani unaweza kukauka ukamkamata kifaranga. Huko tandaza udongo chini ya nyasi, na kuanzia siku ya 18 unyunyizie maji kidogo. Halafu kuna udadisi wetu wenyewe: kumwinua kuku siku ya 20 na 21 kila saa kuangalia. Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kukaa hata siku nzima kabla ya kutoka. Ukimbandua, mishipa inavuja na kiini hakijaingia tumboni.

Yaliyooza kabisa ni suala la uchafu. Yai lenye kinyesi lisiingie kiotani, na lisioshwe, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu. Siku ya 7, usiku, mulika kwa tochi ya simu: mishipa imetanda kama utando wa buibui, acha, peupe kabisa, toa.

Kila yai liandikwe kwa penseli tarehe na herufi ya tetea aliyelitaga. Lisilo na maandishi limetagwa na mwingine katikati ya kuatamia. Litoe siku hiyohiyo, halitafika na wenzake. Na ukiona uanguaji baada ya uanguaji mayai ya herufi moja tu ndiyo hayana mbegu, mengine yapo sawa, jogoo hana kesi. Mayai ya tetea huyo yapelekwe jikoni.