Vifungo 31

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, miaka 20 na kitu kwenye kiti kimoja. Naanza na kiti kwa sababu ugonjwa wangu nao ulikaa hapo hapo. Kulia cherehani, kushoto chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi na sukari ya kutosha. Nilikuwa naipiga funda funda tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na kashata ikipita sikuiacha ipite hivi hivi.

Fizi zikaanza kutoka damu kila nikipiga mswaki. Nikaacha kuusugua upande ule. Akili zangu hizo: panapotoka damu pasiguswe! Kumbe damu inatoka kwa sababu ukoga umejikusanya kwenye ukingo wa fizi, nami nikawa naulinda kama mahari.

Jino likaanza kuuma, Tanga nzima ikawa daktari. Mmoja alisema nisukutue kwa maji ya chumvi, na huyo namshukuru, nilipata nafuu. Mwingine karafuu, ilitia ganzi kweli, kisha jino likarudi na hasira zake. Wa tatu aliniambia niponde aspirini nipake kwenye fizi. Fizi ikababuka ikawa nyeupe. Mji wetu unasifika kwa waja leo waondoka leo. Jino langu lilikuja leo, likapanga chumba.

Lakini wa mkaa ndiye siwezi kumsahau. Shoga yangu, muuza vitenge: "Saga mkaa, kamulia ndimu, sugua, utaona ukoga unavyokimbia." Nilitwanga mkaa, nikauchekecha kwa kipande cha voili kilichobaki kwenye gauni la mteja, unga ukatoka laini kama wanja. Siku ya tatu nikajitazama kwenye kioo: meupe! Nikawa nacheka mpaka kwa vichekesho visivyochekesha. Mteja mmoja akauliza kama nimeweka meno mapya, nikamwambia Mungu ni mwema.

Wiki ya pili tuko harusini Raskazone, mtoto kaniletea maji ya barafu. Funda la kwanza tu, nimesimama! Bibi harusi akadhani nimeumwa na nge. Tangu hapo hata upepo wa bahari ukiingia mdomoni nasikia sindano. Asidi ya ndimu inalainisha ganda la juu la jino, mkaa unakuja kulikwangua, na ganda hilo likishaondoka halioti tena. Shoga yangu nikimweleza anasema nilizidisha ndimu.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno. Akanishikia kioo nione nyuma ya meno ya chini: ugaga mgumu, wa manjano, kama chokaa kwenye birika. Huo mswaki hauutoi. Kusafisha ilikuwa elfu hamsini na kitu, kuziba jino mbali. Anamalizia, akauliza: "Mama, usiku unaamka mara ngapi kukojoa? Kiu je?" Nikashangaa, nimeleta mdomo huyu ananihoji choo. Akanituma nikapime sukari. Kabla sijala: 8.2. Wakarudia siku nyingine, vile vile. Kuanzia 7 ni kisukari. Akanieleza kwamba hivi viwili vinasukumana: sukari ikiwa juu fizi haziponi, na fizi zikiwa na uvimbe sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Washauri wangu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nikapime.

Akaniuliza natumia sukari mara ngapi kwa siku. Nikasema mbili. Akatabasamu kama mteja aliyeahidiwa nguo Ijumaa.

Nikaudhika. Kesho yake nikaweka kopo tupu mezani: kila kikombe kikigusa mdomo, au kashata, kifungo kimoja cha shati ndani. Lengo lilikuwa kumuumbua daktari. Jioni nikavimwaga kitandani nikahesabu. 31. Nikahesabu tena, nikitumaini mtoto ametia vyake. 31. Vidudu vya mdomoni vikila sukari hutoa asidi, na mate huhitaji kama nusu saa hivi kuituliza. Mdomo wangu haukuwa umepata nusu saa ya peke yake tangu nianze ufundi. Mtu mwenye vijiko vinne kwa mkupuo mmoja, akala na kumaliza, meno yake yanapumzika kuliko yangu.

Basi nikajipimia: vifungo vitatu vya koti kwa siku, vile vikubwa, na sukari iwe wakati wa chakula tu. Katikati ni maji, au mchaichai mtupu. Wiki ya kwanza niliiba. Nilikuwa natia kakifungo kadogo ka blauzi, nikisema hiki ni cha funda dogo. Wifi yangu akaonja chai yangu akaniambia hayo ni maji ya kusuuzia vikombe.

Daktari aliposema nisafishe katikati ya meno kwa uzi, nilicheka: uzi? Nyumba nzima! Nikachukua wa kushonea, ukanikata fizi, kisha ukakwama kwenye magego nusu siku nikiwapimia watu nguo na mkia unaning'inia. Wa meno una nta, na duka la dawa ni elfu tano sita hivi, nunueni. Usiku ndiyo mswaki msiukose, maana mate yanapungua ukilala. Povu teme, usisukutue, floridi ya dawa ya meno ibaki kwenye meno. Mama mkwe anaona ni uchafu.

Damu ya fizi ilikata kama mwezi wa pili tangu nianze hivyo. Sukari, pamoja na vidonge vya kliniki, mara ya mwisho ilikuwa 6.4. Sindano ya maji baridi bado ninayo, hiyo ni ya ndimu.

Juzi mteja kaja, koti lake limepotewa na kifungo, kimoja cha kwenye kopo kikamfaa. Nikampa. Siku hiyo chai ikawa mara mbili.