Mabango ya muvi za kutisha za Hammer: nimefikisha la sita

Wadau, mrejesho wa safari hii umechelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri bango moja tu lirudi kutoka kwa fundi, na limerudi juzi, kwahiyo sasa ninayo sita na hili ndo nililokuwa nalitamani tangu naanza.

Kwa ambaye hajanifuatilia, nakusanya mabango ya Uingereza ya muvi za kampuni ya Hammer, yale mapana wanayaita kwadi, inchi 30 kwa 40, yanalala hayasimami kama ya Marekani. Niko Leeds, Uingereza, mwaka wa nane huu. Zamani Tanga mjomba alikuwa na kanda mbili za Christopher Lee akiwa Dracula, tumeziangalia mpaka picha ikabaki chenga tupu, sasa kuja kukutana na zile rangi zenyewe kwenye karatasi, ule wekundu, aisee nilisimama pale dukani muda mrefu sana. Alafu kumbe mengi ya haya mabango yamechapwa Bradford hapa jirani kwenye kampuni ya uchapaji ya W. E. Berry, ukiangalia ukingo wa chini utakuta maandishi madogo yanakwambia. Sasa hivi nikishika bango naanza na ukingo kwanza, sura ya Dracula baadae.

Hiyo tabia nimejifunza kwa hasara. Bango langu la tatu lilikuwa la Dracula Has Risen from the Grave, ya 1968, nililitaka kwa sababu mchoraji wake Tom Chantrell alijitumia mwenyewe kama modo wa Dracula, yaani yule unayemuona pale sio Lee, ni mchoraji. Nikaliona mtandaoni paundi 90, nikalipa usiku huohuo bila kuuliza swali hata moja. Likaja limeviringishwa kwenye bomba, hiyo tu ilitakiwa inishtue maana mabango ya miaka ile kwa kawaida yalikunjwa. Nikalitandaza, mistari ya mikunjo naiona kabisa, lakini nikipitisha kidole hakuna kitu, laini kama kioo. Mikunjo imechapwa! Mtu kapiga skani bango la kweli na mikunjo yake yote akachapa upya. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia herufi, zimejaa vidoti, wakati kwenye orijino herufi inakuwa wino mtupu uliojaa na vidoti unavikuta kwenye picha. Nikapima na futi, pungufu karibu inchi mbili. Hela sikurudishiwa. Iliniuma sana na bado inaniuma, kwahiyo kama unaanza tafadhali omba kwanza picha ya nyuma ya bango na picha ya karibu ya mikunjo, muuzaji akizunguka zunguka achana nae.

Kitu kingine kinachosaidia ni alama ya umri, ile ya Uingereza inayosema muvi ni ya watazamaji wa miaka mingapi. X ilianza 1951 kwa watu wa miaka 16 kwenda juu, 1970 wakapandisha ikawa 18, na 1982 X ikafutwa ikaja 18 yenyewe. Kwahiyo mtu akikuuzia bango la "miaka ya sitini" lina 18 pale kwenye kona, hilo sio la wakati huo.

Haya, la sita. Ni la 1970, Scars of Dracula pamoja na The Horror of Frankenstein, zilitolewa pamoja, unaingia mara moja unaona mbili. Nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anasafisha gereji, limekunjwa, nyuma lina selotepu imekuwa ya njano kama chai, na matundu ya pini kila kona. Fundi ametoa selotepu taratibu, akaliosha, akalibandika kwenye karatasi ya Kijapani na chini yake kitambaa cha kanvasi, kwa gundi ya wanga wa ngano ambayo mbele ya safari inaweza kutolewa kwa maji. Mikunjo imelala vizuri sana. Akaniuliza kama azibe matundu na apake rangi juu yasionekane kabisa, nikamwambia hapana, hayo yaache. Haya mabango hayakutengenezwa kuuzwa, yalipelekwa sinema yakabandikwa, muvi ikiisha yakatupwa au yakaenda sinema nyingine, mengi yameishia hukohuko. Matundu ya pini maana yake hili lilifika ukutani, kuna mtu alisimama mbele yake 1970 akaamua kuingia. Siwezi kuyafuta hayo.

Sasa natafuta fremu yenye plastiki ya kuzuia mionzi ya jua, na ukuta nishaupata, ule wa koridoni usio na dirisha. Baada ya hapo naweka hela pembeni kwa ajili ya lile dabo (bango moja la muvi mbili) la 1966, Dracula: Prince of Darkness na The Plague of the Zombies. Sita yangu yote ukiyajumlisha sijui kama yanafika bei yake, ila nimeshaanza kuweka paundi 50 kila mwezi.