Siku moja ya mwalimu wa hesabu, somo likiwa uthibitisho

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshafungua rundo la madaftari yaliyonishinda jana. Watu wakisikia nafundisha hesabu hudhani kutwa nzima najumlisha na kuweka alama za vema. Sehemu kubwa ya siku yangu nasahihisha lugha.

Swali lilikuwa fupi: thibitisha kwamba jumla ya namba witiri mbili ni namba shufwa. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 3 + 5 = 8, 7 + 9 = 16, "kwa hiyo imethibitika". Hiyo ni mifano, naandika pembeni kwa wino mwekundu, tena na tena. Waliosogea mbele wameandika 2k + 1 na 2k + 1, k ikiwa namba nzima yoyote, wakapata 4k + 2. Kujumlisha wamejumlisha vizuri, lakini herufi ikiwa ileile, namba nazo ni zilezile: wamesema habari za 5 na 5, wakaiacha 5 na 9 nje. Ya pili ilitakiwa iwe 2m + 1, jumla ikawa 2(k + m + 1). Herufi moja tu, na uthibitisho wote unasimama au unaanguka juu yake.

Saa mbili, kipindi cha kwanza. Fasili ni makubaliano juu ya maana ya neno. Aksiomu tunaikubali bila kuithibitisha. Nadharia hutokana na hizo mbili kwa hoja. Wananakili kimya. Wanaamka nikiwaandikia n² + n + 41, sura nyingine ya ile aliyoishughulikia mwanahisabati Euler mwaka 1772. Weka 0, weka 1, endelea hadi 39: kila mara unapata namba tasa. Weka 40, unapata 1681, yaani 41 × 41. Mifano 40 mfululizo imekubali, wa 41 umekataa, na neno "kila" limeanguka.

Saa nne, mapumziko. Chai iko mkononi, mwanafunzi anaingia na daftari lake.

"Mwalimu, jibu nimepata, mbona sifuri?"

Swali lake lilihusu pembetatu pacha, AB na AC zikiwa sawa: thibitisha kwamba pembe B na C ni sawa. Amechora mstari kutoka A hadi BC, akaandika kwamba unaigawa BC nusu kwa nusu, unasimama wima juu yake, na unaigawa pembe A katikati. Yote matatu kwa mpigo. Namuuliza amejuaje.

"Si unaonekana, Mwalimu?"

Namchorea pembetatu yenye pande tatu tofauti. Mistari hiyo mitatu inaangukia sehemu tatu mbalimbali za BC. Anasema hiyo si pacha. Ni kweli, mwanangu, na hapo ndipo penye kazi: upacha ndio unaoikutanisha, nalo lataka kuthibitishwa. Anatoa protekta. Amepima, nyuzi 65 na nyuzi 65. Namwambia protekta imepima pembetatu moja ya penseli, na swali linasema kila pembetatu pacha. Anarudia kwamba jibu ni sahihi. Nami narudia kwamba jibu tulipewa kwenye swali lenyewe; kilichoombwa ni njia. Tunazunguka hivyo hadi kengele inalia. Kuna dakika nilitaka kumpa alama mbili aondoke. Sikumpa, kwa sababu angeondoka akiamini kwamba kuona kunatosha. Nikamwambia achague moja tu kati ya yale matatu, aanze upya. Chai nimeimwaga.

Mchana vipindi viwili bila kupumua, "ikiwa" na kinyume chake: ikiwa namba inagawanyika kwa 4, ni shufwa, geuza sentensi, 6 inaikataa.

Baada ya hapo saa sizifuati tena. Sauti imekauka, madaftari mengine yameletwa. Neno linalonichosha kuliko yote ni "sawa". Pembetatu hizi ni sawa, wanaandika. Sawa vipi? Zinafanana, umbo moja lakini ukubwa mbalimbali? Au zinalingana kabisa, ukiipachika moja juu ya nyingine hakuna kinachobaki nje? Mtaani neno hilo linabeba yote, hadi "haya, nimekubali". Kwenye uthibitisho haliwezi, na kuwafundisha kulitilia shaka neno walilokua nalo ni kazi ninayoiheshimu.

Usiku, daftari la yule kijana liko juu ya rundo. Amelirudisha jioni ileile. "Chukua M, katikati ya BC. AB = AC, tumepewa. BM = CM, kwa sababu ya M. AM = AM. Basi pembetatu ABM na ACM zinalingana kabisa. Basi pembe B = pembe C."

"Basi" ya kwanza haina sababu. Nimeizungushia wino mwekundu, nikaandika pembeni: kwa nini? Halafu nimempa alama nne kati ya tano.